Bonasi Iliyorudi

Jumanne, tarehe 9 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, bila upepo. Saa nne mvua ikakaza, na barabara mbele ya duka ikawa haina mtu.

Siku kama hiyo duka la mapazia hulala. Tajiri alikuwa ametoka kufuata mzigo. Mimi nilikuwa kwenye meza ya oda, na kwenye meza ndefu ya kukatia alikuwepo fundi wetu, tunayemwita Mama Pima. Jina alilipata kwa haki. Hakuna kitambaa anachokikata kabla hajakipima mara mbili, na cha pamba hakipimi kabla hajakiloweka na kukianika, kwa sababu pamba hurudi. Pazia likishonwa kabla kitambaa hakijarudi, mteja akilifua mara moja tu linabaki linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Wifi yake, dada wa mumewe, humtania kwamba siku ya ndoa alimpima bwana harusi mabega kwanza ndipo akakubali.

Huyo wifi ana kibanda cha kuuza chaji na vioo vya simu, ng'ambo ya barabara, mkabala nasi. Wanapendana. Mume ni dereva wa malori ya safari ndefu, na kwa miaka mingi wifi ndiye aliyekuwa akimsindikiza Mama Pima hospitali na kumchukulia watoto shule. Mwezi huo Mama Pima alikuwa anamshonea mapazia ya nyumba nzima bila malipo. Kwenye kadi ya oda hiyo, iliyobanwa kwenye kitambaa chake, aliandika neno moja tu: Wifi.

Asubuhi hiyo Mama Pima alikuja mezani kwangu na simu mkononi, akaniomba mashine ya hesabu. Nikamuuliza ni oda ya nani. Akasema ni ya kwake.

Mambo yalianza mwezi wa tatu. Tajiri alitangaza kwamba anauza cherehani moja kubwa ya umeme, ile ya vitambaa vinene, na Mama Pima akaitaka. Akiwa na cherehani hiyo angeweza kushonea nyumbani kwake, kwa jina lake. Tajiri akakubali kumshikia hadi katikati ya mwezi wa tano. Akiba yake ilikuwa imebakiza elfu ishirini tu kufikia bei. Alipomweleza wifi, wifi akamwonyesha mashindano ya poka kwenye simu. Mgeni akiweka elfu ishirini, nyumba ya mchezo, yaani kampuni yenyewe, inampa bonasi ya elfu ishirini. Pengo si hilo limezibika?

Wifi ndiye aliyemwandikisha, huku akicheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Nilimsikia mwenyewe, maana walikuwa wamekaa hapahapa kwenye marobota, na sote tukacheka.

Poka ni karata za uvumilivu. Unapewa mbili za siri, nyingine hufunuliwa mezani, na ukiona zako hazifai unazitupa na kusubiri mkono mwingine. Kwa kusubiri Mama Pima hana mwenzake. Alicheza mashindano mawili kwa siku, moja mchana na moja baada ya kazi, na mara nyingi alimaliza kati ya watatu wa mwanzo. Hata hivyo hela zake zilipungua. Bonasi ilikuwepo pale pembeni ya kioo, elfu ishirini za rangi ya dhahabu, zenye kufuli dogo. Kila aliposema ataacha, wifi alivuka barabara kuja kumtia moyo. Mara moja alimlipia hata kiingilio.

Sasa siku sitini za bonasi zilikuwa zinakwisha wiki hiyohiyo, na Mama Pima alitaka kujua ana nini hasa. Akanisomea, nikabonyeza.

Kiingilio cha shindano ni elfu moja na mia moja. Elfu moja inaingia kwenye zawadi za wachezaji, mia inabaki kwa nyumba. Amecheza mashindano mia na ishirini, kwa hiyo nyumba imekula elfu kumi na mbili. Alichoweka kwenye zawadi na alichoshinda vilikaribiana, karibu sare.

"Kumbe mezani sikupigwa," alisema. "Navujia mlangoni."

Ikafuata bonasi. Haitolewi yote. Kila ukiilipa nyumba elfu tano, kufuli linakufungulia elfu moja. Kwa elfu kumi na mbili zake alikuwa amefunguliwa elfu mbili, na zilizobaki zitafutika siku zikiisha. Ili azipate zote ishirini ilimpasa kucheza mashindano elfu moja, yaani zaidi ya kumi na sita kila siku, bila kushona hata kitambaa cha mto.

Akageuza simu nione ujumbe wa asubuhi hiyo: Bonasi yako inarudi!

"Hawajadanganya," alisema. "Imerudi kweli. Elfu ishirini imerudi mpaka elfu mbili, na hizo mbili ni zangu mwenyewe wananirudishia. Mimi, wa kukata kitambaa bila kukiloweka."

Alicheka, nami nikacheka naye. Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa hasara ya kawaida. Lakini Mama Pima hupima mara mbili. Alirudi kwenye ukurasa wa masharti kuhakikisha ile mia ya nyumba, akashusha kioo hadi chini kabisa, akasoma polepole kwa sauti: mwenyeji aliyemkaribisha mgeni atapewa robo ya ada ya nyumba katika kila shindano atakalocheza mgeni wake.

Hakuniomba nibonyeze. Robo ya elfu kumi na mbili ni elfu tatu, na hilo hata mimi nilikuwa nimeshalijua kabla hajaiweka simu mezani.

Mchana mvua ilipopungua, wifi alikuja, kipande cha nailoni kichwani, kuangalia mapazia yake yamefikia wapi. Alikuwa mchangamfu kama kawaida yake. Akaniuliza kwa nini nimenuna kama mtu aliyeachwa na mpenzi. Akamgeukia Mama Pima, akamuuliza kama ameshacheza la mchana, maana siku ndizo hizo zinakwisha.

Mama Pima alikuwa anakunja kitambaa. Hakuacha kukunja.

"Wifi, mgeni wako nimekuponya kiasi gani?"

Wifi alianza kucheka, kisha uso ukamkaa sawa. Alitazama simu iliyokuwa mezani, akanitazama mimi, akavua nailoni kichwani na kuikung'uta, ingawa ilikuwa imeshakauka. Alieleza kwamba hakuna senti aliyoitoa mfukoni mwa mtu. Ile mia ni ya nyumba; hata asingepewa yeye, ingebaki kwao. Kila mtu hufanya hivyo. Na yeye alimlipia kiingilio siku ile, amesahau?

"Sijasahau," alisema Mama Pima. "Ulijua inafunguka kidogokidogo?"

"Nilijua."

"Na ulijua nataka cherehani."

"Si ungeshinda? Unacheza kuliko wote ninaowajua."

"Ungeniambia tu, wifi. Ningesema sawa, na wewe upate."

"Ningekwambia, ungecheza?"

Mama Pima aliacha kukunja. Alifikiria lile swali kwa haki, kama anavyofikiria kitambaa, akasema hapana, asingecheza.

"Basi," alisema wifi, kwa sauti ndogo, kana kwamba hilo lilikuwa limemaliza mambo. Alisubiri utani, na utani haukuja. Akasema dirisha la chumbani lisisahauliwe, akavuka barabara. Mama Pima alimwangalia hadi alipoingia kibandani, na ndipo aliponiambia kitu pekee alichosema siku hiyo kuhusu jambo hilo. Alisema hela hazimuumi sana. Kinachomuuma ni zile siku alizotaka kuacha, na wifi akavuka barabara kwenye jua kali kuja kumwambia asikate tamaa, naye usiku akamwombea dua.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na jua. Alifika kabla ya tajiri na kumsubiri mlangoni, akamwambia asimshikie tena cherehani, amuuzie aliye tayari. Kisha akateka maji kwenye beseni uani, akaloweka ile pamba ya dirisha la chumbani la wifi kama anavyoloweka za watu wote, akaianika. Ilipokuwa inakauka alichukua kadi mpya kwenye meza yangu, akaandika vipimo, akaandika bei kamili, na pale pa jina akaandika: Mteja, kibanda cha ng'ambo.