Aliyeuliza Kabla ya Kuwasha

Habari ya kifo chake niliipata nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Mtu aliingia kutoka barabarani akasema, "Yule wa picha, wa karibu na mpaka mdogo, ameenda." Kinyozi akazima mashine. Moyo ulimsimama asubuhi akifungua duka lake, na ufunguo ulikutwa bado umo kwenye kufuli. Siwezi kusema tulikuwa marafiki. Alikuwa mtu wa makamo aliyezaliwa Tanzania na kurudi huku Gisenyi na wazazi wake, mwenye Kiswahili kilichonyooka na subira ya kuudhi. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana walioingia dukani kwake kuuliza maswali bila kununua chochote. Aliniita "wewe wa chuo", na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au kejeli.

Siku ya mazishi, tulipokuwa tukinawa mikono baada ya kutoka makaburini, kama desturi yetu ilivyo, mama mmoja wa Nyakiriba alinishika kiganja kikiwa bado kimelowa. Nilimfahamu. Marehemu ndiye aliyempiga picha ya mwisho na mwanawe. "We ulikuwa pale ndani," aliniambia. "Uniambie, na usinifiche. Mutoto yangu alisema 'washa'?" Wasomaji wa safu hii mnajua nimewahi kuandika kwamba uongo wa kufariji ni uongo kama mwingine wowote. Nilisimama pale, maji yakinidondoka vidoleni. Swali lake lina historia ndefu kidogo.

Familia nyingi za Gisenyi zina nusu zao Goma, ng'ambo ya mpaka, na si kila mara nusu hizo huweza kukutana. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na marehemu alipata riziki yake kwa kuwapinga. Alimpiga picha aliye huku, akiacha nafasi tupu pembeni yake. Kisha alivuka mpaka na taa ileile, kitambaa kilekile cha kijivu cha kutundika nyuma, na uzi wenye fundo uliopima umbali kutoka kwenye taa hadi kwenye pua ya mtu, akampiga aliye ng'ambo, halafu akaziunganisha mbili zikawa moja. Nilimuuliza kwa nini ajitese hivyo ilhali simu siku hizi inaweza kumkata mtu yeyote na kumbandika popote. "Itambandika," alisema, "lakini kivuli cha pua yake kitaelekea Goma na cha mama yake kitaelekea Kigali. Anayetazama hatajua kilichoharibika. Atajua tu kwamba hawa hawakukaa pamoja."

Kwa kuwa umeme wa ng'ambo ni wa kubahatisha, alijitengenezea sanduku la kuwashia taa yake. Alinunua betri za laptop zilizokufa, akazipasua, akatoa ndani yake zile seli ndogo mfano wa risasi za bunduki, akazichaji moja moja na kuzilaza rafuni wiki nzima. Iliyoamka na nguvu zake aliihesabu hai, na iliyopungukiwa alikuwa akiitenga. Zile hai aliziunganisha kwa waya ndani ya sanduku la mbao, akaweka juu yake inverta ya kugeuza umeme wa betri uiwashe taa, na mkanda wa kitenge wa kubebea begani. Sanduku lile lilikuwa na tabia moja niliyoichukia. Kabla ya taa kumulika, lilitoa mluzi mwembamba uliopanda na kupanda mpaka sikio likaupoteza, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichokuwa ishara kwamba taa iko tayari, na watu waliacha kupumua ndani yake. Hapo aliuliza, "Niwashe?" na hakugusa kitu mpaka mwenye sura yake ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, "Washa." Watoto walipiga kelele. Mzee mmoja wa Bugeshi alimjibu, "Bado, sura yangu iko njiani," na marehemu akangoja kweli, bila kutabasamu.

Mama wa Nyakiriba alikuwa amevunjika mguu shambani kwake, kwenye viazi, na plasta ilikuwa imefika pajani. Mwanawe, fundi mwashi aliyeoa Goma, alikuwa hajiwezi kwa ugonjwa wa ini, na nyumba yake ilikuwa ndani kabisa ya mawe ya volkeno ambako gari halifiki. Mama alitaka kitu kimoja tu, picha ya wao wawili, upesi. Nilikwenda na marehemu nyumbani kwa mama kwa kuwa nilitaka kuandika juu ya kazi yake. Alimketisha mama kwenye stuli na kumwambia aweke mkono begani kwa mwanawe. Mama akaunyanyua mkono hewani.

"Shusha kidogo, mama."

"Mutoto yangu ni murefu, we!"

"Ameketi, mama. Shusha."

Akaushusha. Marehemu, ambaye siku chache kabla alikuwa amekwenda kumpima kijana kwa ule uzi wake, akamwambia ashushe tena. Kisha tena. Mkono ulipofika mahali pake, mama aliutazama kwa muda mrefu, vidole vimekunjika juu ya bega lisilokuwepo. "Amepungua mpaka hapa?" aliuliza. Nilikuwa nimesoma na kuhitimu, na nywele za shingoni zilinisimama mchana kweupe, kwa sababu kwa macho yangu niliona hewa iliyokuwa chini ya ule mkono ina uzito. Sanduku likapiga mluzi, likanyamaza. "Niwashe?" "Washa," akasema mama.

Kesho yake tulivuka. Askari mmoja pale mpakani alitaka sanduku liwashwe alione. Liliposikika likilia, akarudi nyuma. "Vieux, mzee, hii kitu inaimba ju ya nini?" Marehemu akasema lina njaa. "Bon, usiilishe hapa kwangu," akasema askari, na wenzake wakacheka, tukapita. Lakini mbele kidogo marehemu alisimama, akaweka mgongo wa kiganja juu ya mbao, akasema seli moja inachemka. Nilimsihi twende, mgonjwa anangoja. Alikaa chini kwenye baraza la duka lililofungwa, akafungua sanduku, akaitafuta kwa vidole kama anayetafuta jino bovu. "Moja iliyokufa inanyonya nguvu za wenzake," alisema, "na hii itaungua nikiwa nimeiweka kando ya kitanda cha mtu." Jua lilikuwa limehama upande alipomaliza.

Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Mke wa mgonjwa alisema, "Tangu asubuhi iko anawauliza," na wakamwinua, wakamwegemeza kwenye mito. Macho yake yalikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imeinama, kwa hiyo niliambiwa nishike stendi ya taa isianguke, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona sikio lake, na shavu kidogo, lakini si midomo. Marehemu alimsalimia kwa jina. Akamwambia, "Mama yako yuko kushoto kwako. Mkono wake uko begani." Mluzi ukapanda, ukapotea. "Niwashe?" akauliza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia katika kazi yake. Nilisikia kuku nje wakiparua mawe. Kisha taa ikamulika, mara moja tu, ingawa siku zote alipiga picha mbili au tatu. "Asante," alimwambia yule kijana, akaanza kukunja kitambaa. Hatukuwa tumefika mpakani simu ilipolia kwamba amefariki. Baadaye jirani mmoja alisema alikata roho tulipotoka. Mwingine akasema hapana, alikuwa amekwenda kabla hatujabisha hodi.

Nilimuuliza marehemu njiani, "Alijibu?" Akanitazama. "Wewe ulisimama karibu naye kuliko mimi," alisema. Miezi ikapita, nikamuuliza tena dukani, naye akanipa seli niiweke rafuni. Picha yenyewe niliiona. Kijana ameelekea kushoto, kwa mama yake, vivuli vimekubaliana, na ndani ya jicho lake kuna kidoa cheupe cha taa. Nimeitafakari picha hiyo kuliko kitabu chochote nilichosomeshwa. Jicho la maiti nalo hung'aa likimulikwa.

Tunaishi wakati ambapo watu hupigwa picha wakiwa wanakula, wanalia, wamelala, wameanguka barabarani, na hakuna anayeuliza. Nilikuwa nimeanza kuandika safu hii kwa ajili ya hilo, nimsifu mtu aliyeuliza. Lakini kama siku ile hakujibiwa na akawasha, basi desturi yake ilivunjika pale ilipokuwa na maana zaidi. Na kama alijibiwa, alisikia kitu ambacho mimi, mwenye masikio mazima na hatua moja tu kati yetu, sikukisikia. Siipendi hata moja kati ya hizo mbili.

Sasa, pale tulipokuwa tukinawa, mama alikuwa amenishika mkono. Nawaambia ukweli, "ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nilidhani najua anachohitaji: kwamba mwanawe alikuwa hai, alimtambua, aliridhia. Lakini mazoea ya kusema kweli yakanishinda. "Mama," nilisema, "nilikuwa karibu naye. Sikusikia kitu."

Alitoa pumzi kama mtu anayetua gunia. "Asante, mutoto yangu," alisema. "Mi nilifikiri ni ile mwanga yangu ndio ilimumaliza. Mi ndiye niliomba picha. Kama alijibu, basi donc alikuwa muzima, na mwanga ikamukuta muzima."

Nilimweleza haraka kwamba taa ile haiwezi kumuua mtu, hata mgonjwa.

"Najua," alisema. "Muchana najua." Akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Na kama alikuwa ameshaenda, bon, nilimushika vile vile." Akaenda kukaa na mjane wa marehemu.

Nimekuwa nikipinga uongo wa kufariji kwa hoja za darasani. Siku ile nilijifunza hoja nyingine: mwongo mwema hukisia jeraha la mwenzake, na anaweza kukosea mahali lilipo. Ningemwambia "ndiyo" kwa upendo wote, naye angerudi Nyakiriba na hukumu ya maisha. Anayekuuliza jambo zito, mwulize kwanza anaogopa nini, kisha umngoje, hata kimya kikirefuka mpaka kikutie hofu. Kuna jambo moja ambalo sikumwambia, na naliandika hapa nikijua huenda asilisome. Kutosikia kwangu si ushahidi kwamba hakusema. Mwanafunzi akihitimisha hivyo ningemkatalia. Mama alihitimisha hivyo mbele yangu, nami nikakausha mikono yangu na kunyamaza.