Ukuta wa Mama Flora

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nasema uongo, ni kumi na nane, maana kumi na saba baiskeli yangu ilikuwa bado nzima, na Chilangala safari ile nilifika kwa miguu, mfuko wangu wa vifaa vya kuzibia sufuria begani.

Mama Flora, Dominika kwa jina la ubatizo, alikuwa amefiwa na mumewe, Alfredi, katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho. Marehemu aliacha nusu mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mjane akaichanganya ile salfa ya njano na uji wa muhogo, akachukua na masizi na udongo mwekundu, akawa anapaka ukuta wa mbele kwa kiganja, kila jioni, tangu matanga yalipoanuliwa. Hakuchora mtu wala mti.

Jirani yake Jumanne akamtania, "Mama Flora, hii ni ramani ya kwenda Tandahimba?"

"Ukiifuata utapotea," akamjibu, wakacheka. Mimi akaniambia taratibu, "Mzee, hata sijui ni nini. Mkono unataka njano, naupa. Nikimaliza, napata usingizi."

Siku moja kabla ya arobaini alipanda gari kwenda Lulindi kumchukua binti yake. Huku nyuma wakaja mawifi zake, Sabina mbele, na ndoo za tope. Pale kijijini nyumba ya arobaini husiribwa upya, wageni waikute safi. Mimi nilikuwa uani, naziba sufuria za shughuli.

"Shikamoo mzee. Haya madoa kafanya nani, watoto?" Sabina akauliza.

"Marahaba," nikasema, nikaishia hapo. Nilijiambia kusiriba ni kazi ya wanawake, na mimi ni mpita njia. Tena walipoishiwa maji, niliwachotea.

Mama Flora akarudi na binti yake jua likiwa bado juu. Alisimama. Ukuta mzima kahawia, mbichi, unang'aa. Akaweka kiganja pale ilipokuwa njano, akakibonyeza, akakitoa.

"Ahsanteni, mawifi zangu," akasema. "Mmechoka."

Sabina akadhani ameteleza. Akaja na tope, akaiziba ile alama, akailainisha kwa upendo kabisa.

Asubuhi ya arobaini Mama Flora alinimiminia chai. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikauliza swali jingine, lakini wageni walikuwa wanaingia, akaenda kuwapokea, na tangu siku ile sijapata wa kunijibu:

"Mama Flora, salfa imebaki?"