Breki za Gari ya Mdogo Wangu

Gari ya mdogo wangu niliichukia hata kabla haijaanza kuharibika. Nyeupe, ya viti saba, imenunuliwa mpya kwa wakala, na ndani mna ile harufu ya ngozi ambayo haipatikani kwa kupulizia manukato. Siku alipoileta nyumbani kwa mama, mtaa wa Hail, sote tulitoka mpaka getini kuitazama. Shangazi alisema mashaallah. Wanawe mdogo wangu walipanda na viatu vyao vya mchanga na hakuna aliyewagombeza. Mimi nilisema, "Itakula petroli hiyo," nikarudi ndani kuangalia wali.

Mashaallah sikuisema. Kila mtu aliliona hilo, na mimi nilijua kwamba wameliona.

Yangu ni gari ndogo ya rangi ya udongo, niliyoinunua ikiwa imeshachakaa mikononi mwa watu wawili. Kiyoyozi chake kinatoa baridi asubuhi tu, wakati hakihitajiki. Lakini kwa miaka tisa ndiyo iliyompeleka mama kila mahali: hospitali, matangani, harusini, na soko la matunda la Mawaleh kabla halijahamishwa, ambako alichagua maembe moja moja na kuyanusa mpaka muuzaji akachoka naye. Mume sikudumu naye, mtoto sikujaliwa. Mama alikaa pembeni yangu kila Ijumaa, mkoba mapajani, akinisimulia Unguja ya utoto wake na kunigombeza kwa kukanyaga breki kwa kishindo, na hicho ndicho nilichokuwa nacho hapa duniani. Wiki ya pili baada ya gari nyeupe kuja, alinipigia simu.

"Usijisumbue kuja, mwanangu. Mdogo wako atanipitia. Gari yake ina baridi."

Nikasema sawa, mama. Nilikuwa nimeshavaa, mkoba uko begani. Nikakaa kitandani hivyo hivyo mpaka adhuhuri.

Tangu siku hiyo nilikuwa natazama. Nilijua mdogo wangu anaegesha wapi, na kiti cha mama amekisogeza nyuma kiasi gani ili magoti yake yapumzike. Nilijua mama ameachiwa kijimto cha mgongoni humo garini, cha kwake peke yake. Kwangu alikuwa akikunja shali lake. Miaka tisa, na mimi sikuwahi kufikiria kijimto.

Baada ya miezi michache gari ikaanza vituko. Pedali ya breki ilikuwa inakuwa ngumu ghafla, mtu akiikanyaga ni kama anakanyaga ukuta, gari inaendelea mbele kidogo halafu ndiyo inakamata. Mara ya kwanza ilimtokea kwenye kipilefti karibu na nyumba ya mama. Akaipeleka kwa wakala, wakakaa nayo siku mbili wakamrudishia na karatasi: haina kitu. Mara ya pili, karatasi nyingine: haina kitu. Mara ya tatu fundi akamwambia labda ni ndala anazovaa.

Kwa watu wengine hapo mtu angeuliza dhamana inasemaje. Kwetu, ukoo wenye wahandisi na wahasibu, mama aliuliza nani ameitazama gari vibaya. Alianza na ubani. Chetezo kiliwekwa chini ya boneti, moshi ukatoka kwa mbele mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani inaungua. Halafu Ijumaa moja, tumemaliza kunywa kahawa, nikaona vikombe vyote vimekwenda jikoni isipokuwa changu. Mtindo huo naujua tangu utoto. Ukimshuku mtu kwamba jicho lake limedhuru kitu, unachukua masazo ya kinywaji chake, unayatia maji, unakiosha nayo kitu kilichodhurika bila mwenyewe kujua. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwona mama yangu mzazi, anayeumwa na magoti, akimimina maji ya kikombe changu juu ya boneti ile nyeupe na kuyasambaza kwa kiganja, taratibu, huku midomo inasoma.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yake. "Mama, wacha bwana, mambo gani haya," alimwambia. Lakini hakumshika mkono.

Nilikwenda msalani nikalia. Kilichoniliza zaidi ni kwamba sikuwa na hakika kama nimesingiziwa.

Ujumbe ulikuja Jumatatu mchana, niko ofisini, nala kipande cha mkate wa kumimina. Ulitoka kwa wakala, kwa Kiarabu cha heshima. Mmiliki mpendwa, gari yako yenye namba hii ya chesisi ni miongoni mwa gari ambazo mtengenezaji anaziita zirudi kwa sababu ya hitilafu ya breki iliyotoka kiwandani. Tafadhali usiiendeshe kwenye miteremko mikali. Ilete, utatengenezewa bila malipo.

Nilidhani wamekosea mtu, kisha nikakumbuka siku ya kununua. Mume wa mdogo wangu anafanya kazi jangwani kwenye mafuta, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda na mdogo wangu kwa wakala. Karani alipouliza namba ya mtu wa kupokea taarifa za gari, mdogo wangu, ambaye ni mwalimu na simu yake hushinda ndani ya mkoba, alisema, "Tieni ya dada yangu. Yeye hapitwi na kitu."

Niliusoma ujumbe mara tatu. La kwanza nililolihisi lilikuwa furaha tupu. Si jicho langu! Ni mtu huko kiwandani ng'ambo, asiyenijua wala simjui, ndiye aliyeharibu breki zile, na ushahidi ninao mkononi. Nilitaka kuondoka kazini saa ile ile, niende Hail, nimwekee mama simu mbele ya uso wake na kumwuliza kikombe changu kiko wapi.

Halafu nikaanza kufikiri mbele. Mwenzangu mmoja kazini alishawahi kupambana na wakala mwingine, kwa hiyo sheria naijua. Mtu akirudi mara kwa mara na ubovu ule ule ndani ya dhamana, na wakala akashindwa kuutengeneza, anaweza kwenda ofisi ya kulinda haki za wanunuzi akadai gari nyingine au arudishiwe pesa zake. Mdogo wangu alikuwa na karatasi tatu za "haina kitu." Akiongeza na ujumbe huu, atapewa mpya. Atapata nyeupe nyingine, na harufu ya ngozi nyingine. Na hii yangu ya rangi ya udongo hakuna mtu yeyote duniani atakayeiita irudi popote.

Niligeuza simu kifudifudi nikamaliza mkate wangu.

Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni akatuma picha kwenye grupu la familia: mama amekaa kiti cha mbele, amevaa miwani ya jua ya mdogo wangu, anacheka meno yote nje. Sikumweleza. Jumanne nikajiambia breki zile ameshazizoea. Jumatano nikajiambia wakala watampigia wenyewe, si kazi yangu. Wiki nzima ikapita hivyo na kila siku nilipata sababu mpya, na sababu zenyewe zilikuja bila kuitwa. Sikutaka mtu adhurike, hilo nalisema kwa kiapo. Nilitaka tu gari iendelee kuwa mbovu, iendelee kumtia aibu kwenye vipilefti, mpaka mama achoke nayo arudi kwangu.

Alhamisi ya wiki ya pili mdogo wangu akaandika kwenye grupu kwamba kesho anampeleka mama na watoto Yiti, ufukweni, mama ametamani samaki wa kuchoma. Njia ya Yiti inapanda baina ya milima kisha inateremka, na mteremko wake hauna mzaha. Niliufungua ule ujumbe tena nikatazama neno "miteremko." Nikaanza kuandika kwenye simu, nikafuta. Ningeandika nini? Nikaamua nitakwenda asubuhi nimweleze uso kwa uso kabla hawajatoka.

Saa mbili asubuhi nilikuwa getini kwa mama. Binti wa Kiganda anayemsaidia kazi za nyumbani alikuwa anafagia uani.

"Madam, wameenda kitambo. Bibi alisema yalla yalla, jua itakuwa kali."

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea mama.

"Mama, mwambie asimame."

"Asimame wapi? Tushaanza kupanda mlima."

"Hapo hapo, pembeni ya barabara. Mwambie breki mbovu. Mama, mwambie sasa hivi!"

Nilisikia watoto wanaimba, nikasikia mama anasema kitu, kisha watoto wakanyamaza. Kilichofuata sijui kilikuwa na urefu gani. Nilikuwa nimeshika geti la chuma ambalo jua lilishalitia moto na sikuuhisi moto huo mpaka baadaye, nilipoona kiganja kimekuwa chekundu.

"Nimesimama," ilikuja sauti ya mdogo wangu. "Kuna nini, dada?"

"Wakala wameleta ujumbe. Gari hizo zinaitwa zirudi, breki zina ubovu wa kiwandani. Usiteremke nayo."

"Umekuja lini huo ujumbe?"

"Sasa hivi," nikasema.

Nilikwenda kuwachukua kwa gari yangu. Mdogo wangu na watoto walikaa nyuma, mama akakaa pembeni yangu kwenye kiti chake cha miaka tisa. Alishusha kioo bila kuambiwa, maana anaijua gari ile. Tuliposhika barabara kuu akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Ingekuwa si wewe," akasema. "Na mimi mjinga nlikushuku wewe. Nlikichukua kikombe chako, mwanangu, nkamwagia gari. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

Aliniombea dua njia nzima, na mimi nikaitikia amin. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma nilikutana na macho ya mdogo wangu mara moja tu. Nikahamisha yangu barabarani.

Jumapili aliniomba nimsindikize kwa wakala, kwa kuwa ujumbe ulikuwa kwenye simu yangu. Karani alikuwa mtu wa makamo, kanzu imenyooka, adabu nyingi. Alitazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Ukhti," alimwambia mdogo wangu, "sisi tulituma ujumbe siku kumi na tatu zilizopita. Na hapa inaonyesha ulifunguliwa na kusomwa siku ile ile. Mmeonywa, na mmeendelea kuiendesha. Ikitokea madai yoyote, lazima hili tuliandike."

Niliinamisha kichwa. Haikuwa aibu peke yake. Kama wangeandika hivyo, haki yake ingetiwa doa na mkono wangu, na yale niliyoyataka bila kuyatamka yangetimia mbele ya macho yangu. Hapo hapo nilijua siyataki tena, na nilijua pia kwamba nimechelewa siku kumi na tatu.

Mdogo wangu hakugeuka kunitazama.

"Simu ya dada yangu ilikuwa imevunjika kioo," alisema kwa Kiarabu safi. "Ilikuwa ikifungua mambo yenyewe. Hakuona kitu mpaka alipoitengeneza, Ijumaa asubuhi."

Simu ilikuwa mapajani mwangu, kioo kizima, hakina hata mkwaruzo. Karani aliitazama, akamtazama mdogo wangu, akaacha kuandika. Mdogo wangu alitoa karatasi zake tatu za "haina kitu," akazipanga mezani kwa tarehe kama anavyopanga madaftari ya wanafunzi, akasema, "Sasa tuzungumze habari za hizi."

Alikwenda mpaka ofisi ya kulinda haki za wanunuzi, na akashinda. Mara nyingi alikwenda na mimi nikiwa nimembebea faili. Kwenye gari hatukuzungumza habari ya siku kumi na tatu, na mpaka leo hatujaizungumza. Anakuja kwangu, anakula, ananiita dada kwa sauti ile ile. Nimeitafuta tofauti na sijaipata, na kutokuipata kunanitisha zaidi.

Siku ya kukabidhiwa gari mpya tulikwenda sote. Nyeupe tena. Mama alisema mashaallah, na mimi nikasema mashaallah kwa sauti, nikaizunguka gari yote nikiisema. Mdogo wangu alikuwa amekuja na kijimto cha mama kwapani.

Karani yule yule alimsogezea fomu. Mdogo wangu akajaza jina, akajaza anwani, akafika pale pa namba ya mtu wa kupokea taarifa. Kalamu ikasimama. Akanigeukia, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata chembe.

"Nitie ya nani, dada?"

Mama alikuwa ananitazama. Karani naye ananitazama. Ningeweza kusema yangu, na nadhani angeiandika.

"Tia ya mumeo," nikasema.

Aliinama akaandika. Nilikuwa upande wa pili wa meza, nikazisoma tarakimu kichwa chini, moja baada ya moja, na mpaka ya nne nilikuwa bado natarajia zitakuwa zangu. Zilikuwa za shemeji, mtu wa jangwani, ambaye nusu ya mwezi simu yake haishiki mtandao. Hata yeye nikamwonea wivu.