Nilimwonyesha Daktari Mkono wa Wifi Yangu

Nilimwonyesha daktari wangu mkono wa mtu mwingine, nikasema ni wangu.

Umesoma vizuri. Cheka tu, mimi nimeshalia.

Naitwa Burulcha, nakata na kushona mazulia ya sufu hapa Naryn, mji wa milimani. Siku moja kisu kiliteleza, kikakata kano za vidole viwili vya mkono wa kulia.

Nikashonwa Bishkek, mji mkuu, na Daktari Nurzat, mwanamke mpole mno. Akanifunga banzi la kulinda vidole.

"Usilivue wiki sita, labda nikwambie mimi. Kila Jumanne tutaonana kwa simu ya video, barabara ya kwenu ni mateso."

Nyumbani walicheka mbavu hawana.

"Daktari wa kwenye simu?" wifi yangu Zuura akasema. "Si sawa na kushiba nyama ya kwenye picha?"

Nami nikacheka. Nikaona naletewa usanii.

Wiki ya tatu, mpwa wangu anaolewa na zulia lake la harusi halijaisha. Nikavua banzi. Nikajiambia, nakata ua moja tu.

Nikasikia "tap!" ndani ya kiganja.

Kidole cha pete kikagoma kukunjika.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikauchuna.

Jumanne simu ikaita, nikapaniki.

"Wifi, niazime mkono. Nitamwambia nini huyu mama?"

Zuura akajichora kovu fasta kwa kalamu ya wino, akavaa banzi langu. Tukabanana mbele ya simu. Uso wangu, mkono wake.

"Fungua banzi, jaribu kukunja ngumi, Burulcha."

Zuura akakunja ngumi ya kupasulia kokwa za jozi.

"Kunjua."

Akakunjua, tena kwa madaha.

Daktari akasogeza uso karibu na kamera.

"Dada yangu," daktari akasema taratibu, "mkono nilioushona mimi hauwezi kufunga ngumi hivyo wiki ya tatu. Huo ni wa nani?"

Zuura akauchomoa kama ameguswa na pasi. Mimi uso unawaka.

"Nionyeshe wako. Sikugombezi."

Nikauinua. Akautazama.

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Panda gari leo hii. Bado tuna nafasi. Ungenificha wiki nyingine, sijui."

Nilifika hospitalini nimejiandaa kutukanwa. Daktari akaketi kitandani kwangu, akasema:

"Nisamehe. Nilikukataza kazi, sikukuuliza nani ataifanya badala yako."

Jamani! Mimi ndiye niliyedanganya, halafu naombwa msamaha mimi! Heri angenizaba kibao. Nilijifunika shuka usoni kama mtoto.

Nilishonwa upya. Leo kidole kinakunjika nusu, na mkasi nashikia mkono wa kushoto.

Nilidhani simu ndiyo feki. Kumbe feki nilikuwa mimi.

Ndugu yangu, daktari akiwa mbele yako au kwenye kioo cha simu, mwonyeshe panapouma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mwanamke mpole, ndiyo maana kidole changu bado kinakunjika, japo nusu.