Wifi Iliyomtukana Kap Dulfo

Jumatatu asubuhi mtaa wetu wote, huku pwani ya Samar, Ufilipino, uliamka ukakuta wifi inamtukana kiongozi wake.

Sitanii.

Ukishika simu utafute mtandao, jina la juu kabisa lilisomeka: KAP MCHELE WA MAFURIKO UKO WAPI.

Mchele wenyewe uliletwa baada ya mafuriko, magunia arobaini. Lori tuliliona. Punje hatukuiona.

Jumanne jina likabadilika: KAP TUMBO HILO SI LA MAFURIKO.

Watu kwenye uwanja wa mpira wa kikapu walicheka hadi mchezo ukasimama.

Kap Dulfo, yaani kapteni, mwenyekiti wetu wa mtaa, hakucheka. Alipiga kufuli duka la kompyuta la Bitoy, lililo ng'ambo ya uwanja, kisa eti Bitoy ndiye anayejua mambo ya wifi. Kisha akaja kwangu na mgambo wawili, maana natengeneza laptop.

"Inday, nionyeshe hiyo wifi inatoka wapi. Ikithibitika ni Bitoy, Ijumaa nafuta leseni yake."

"Na kama siyo Bitoy, Kap?"

"Ni Bitoy. Jina linanifuata mpaka chumbani kwangu. Nani mwingine ana ujanja huo?"

Bitoy ana mke mwenye mimba ya miezi minane. Nikakubali.

Nina programu ya kuskani mitandao. Inakuonyesha kila wifi iliyo hewani na nguvu ya mawimbi yake, kwa hiyo ukitembea nayo unajua kama unasogea au unapotea. Shida, kadi ya wifi ya laptop yangu ni mkweche. Programu ikaniambia haioni kadi yoyote.

Nikaenda kuazima adapta ya USB. Kwa nani? Kwa Bitoy huyo huyo, nyumbani kwake.

"Chukua," akasema, akinipa kidude chenye antena ndefu kama panzi. "Kama ni mimi, basi nimerogwa."

Nikachomeka. Kimya. Nikatafuta draiva, ile programu ya kukiendesha, nikaweka, nikazima, nikawasha. Taa ikawaka, programu ikaskani sekunde kumi, ikafa. Nikarudia mpaka wali wangu wa mchana ukapoa.

Saa tisa ndio nikashtuka. Laptop yenyewe ilikuwa inainyang'anya programu ile adapta, kila mara inataka kuitumia kuingia mtandaoni. Fahali wawili hawakai zizi moja. Nikaizuia laptop isiiguse adapta.

Orodha ikajaa kama siafu. Jina lile la kumtukana Kap likiwa humo.

Tukatoka. Mimi na laptop mkononi, Kap, mgambo, na nyuma yetu nusu ya mtaa, maana kwetu umbea ndio mazoezi.

Namba za programu ni za hasi. Zikikaribia sifuri, umefika. Mlangoni mwa duka la Bitoy, hasi themanini.

"Hafifu, Kap. Siyo hapa."

"Amezima."

"Angezima lisingeonekana kabisa."

Katikati ya uwanja, hasi sitini. Tukavuka. Hasi arobaini na tano.

Nikasimama. Mbele yangu palikuwa na geti la bluu, na geti la bluu ni la Kap.

Nikiri tu, nilifikiria kusema betri imeisha. Huyu ndiye anayesaini kibali changu pia. Lakini Bitoy alikuwa kwenye kundi, mikono mfukoni, ananiangalia.

"Inatoka ndani kwako, Kap."



"Amejificha kwangu?" Kap akasukuma geti, akaniburuta ndani. Alisahau kulifunga. Watu wakamiminika.

Hasi thelathini na mbili sebuleni. Hasi ishirini na mbili mlango wa nyuma.

Akaufungua kwa bega.

Ndani alikuwa Lola Puring, mama yake mzazi, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na moja, amekaa kitandani na simu, miwani puani. Chumba kizima kilikuwa magunia ya mchele. Kitanda chake kilikuwa kimebanwa ukutani kama mgeni asiyetakiwa.

"Mama?"

"Nini? Nimekwambia wiki tatu, wagawie watu. Ukaniambia ningoje kampeni. Miguu yangu haifiki uwanjani, ila wifi ya simu hii inafika, na jina lake naandika mimi." Akaona kundi mlangoni. "Ingieni, wanangu. Anzeni na yale ya dirishani, yananizibia hewa."

 Kap akachutama, akabeba gunia la kwanza mwenyewe.

Jioni kila nyumba ilipika. Kap akahutubia kwamba mpango ulikuwa ni huo tangu mwanzo. Hakuna aliyebisha, midomo ilikuwa imejaa wali. Bitoy alipewa ufunguo wake bila neno la pole.

Nilimuuliza Lola kama hakuogopa kumwaibisha mwanawe.

"Nilimfundisha kusoma mwenyewe," akasema. "Nikaona bora aandikiwe."

Ndugu msomaji, ukitukanwa, kabla hujamsaka aliyesema, jiulize kwanza kama amesema uongo. Utajiepusha na kutembea kwingi.