Masahani ya Farasi Yetu

Dimanshi ilipita, siku ya misa, mujukuu yangu alinivuta mukono mupaka pa lupango, ile kiwanja ya kuzungushwa, kule bantu banajifunza kupanda farasi. Kulikuwa moja ya rangi ya kahawa, ametosha kichwa inje, juu ya mbao. Mutoto akaingiza mukono mu sachet yangu ya plastiki, akatosha avoka, parachichi ile nilinunua ya kukula na bukari, ugali yetu, akamunyooshea farasi. Miye na hii magoti yangu inauma, niliruka! Nilikamata ile mukono sawa vile banakamata mwizi. Mutoto akalia, mulinzi akacheka, avoka ikaanguka ikapasuka. Njia yote ya kurudia alikuwa ananiuliza neno moja tu: "Nkambo, juu ya nini?" Jibu yake iko murefu. Nakupa weye mwenye uko na wakati.

Tulikuwa tunakaa mu Annexe, pembeni ya Lubumbashi, wakati Annexe ilikuwa ingali mashamba, na usiku ulikuwa unasikia mahindi inasuguana kwa upepo. Usiniulize mwaka. Masomo yangu iliishia pa kusoma majina ya maduka, na ingine nilikuwa nasoma mubaya. Nkambo yangu mwanamuke, mama ya muzazi yangu, njo alinikomalisha. Bwana yake, tulikuwa tunamuita Muzee tu, alikuwa anachunga farasi za muzungu moja kule Makomeno. Wakati muzungu alirudia kwabo, aliuzisha farasi zake zote, ikabaki moja, jike, ya kuzeeka, meno nusu, mugongo umebonyea katikati sawa kitanda ya zamani. Hakuna mwenye alimutaka. Muzungu akasema: peleka, ni yako. Muzee akarudi naye kwa miguu, mangaribi, batoto ya njia yote nyuma yake, sawa vile bantu banafuata padri siku ya matawi.

Mu quartier, mutaa yetu yote, hakukuwa muntu alishaona farasi mu lupango. Mbuzi, ndiyo. Nguruwe, sawa. Lakini farasi! Benye hawakumujua balikuwa banasema "punda ya bazungu." Basi bakamupokea sawa mugeni mwenye ametoka mbali, na kwa mugeni hauendi mikono mutupu. Kesho yake asubui sahani zikaanza kuingia. Bukari na mboga juu. Maganda ya mihogo. Mukate wa moto. Mama moja alileta samaki ya kukausha, na pilipili pembeni, juu mugeni anaweza kupenda pilipili.

Muzee, mbele ya kuenda kukata majani pembeni ya mutoni, alikuwa anamurudilia nkambo ile maneno yake. Karote, ndiyo, lakini ukate murefu, hapana mviringo, mviringo inamukaba mu koo. Muwa, utoshe ganda, vipande vidogo. Embe, bila kokwa. Ndizi, hata na ganda yake. Maganda ya tikiti, sawa. Bukari, hapana, inashikamana mu tumbo. Mukate wa moto, hapana, inavimba. Shu, ile kabeji, hapana. Maganda ya mihogo mibichi, hapana kabisa. Avoka, hata siku moja: inamuvimbisha kichwa na kifua, inamukamata roho. Na hata ile muzuri, kidogo kidogo. "Majani njo bukari yake," alikuwa anasema. "Ingine yote ni bombo, pipi ya mutoto."

Lakini nani ataambia mama jirani kama chakula yake haiko muzuri? Kwetu sahani ya muntu haurudishe. Nkambo alikuwa anaipokea na mikono mbili, anapiga magoti kidogo, anashukuru, anaingiza mu nyumba. Pale njo anachagua. Ya farasi huku, ingine kule. Na ile ya kule ilikuwa yetu, batoto! Ile mwaka tulinenepa, hata mwalimu alitushangaa. Mukate, samaki, bukari ya bajirani yote. Tulikuwa tunamuombea ule farasi maisha marefu kupita vile tulikuwa tunaombea bazazi. Na harufu yake, nikuambie: majani ya kukauka, jasho, na kintu moja ya sukari sukari. Siku zingine ninaisikia mu mvua ya kwanza, sijue juu ya nini.

Ile mupango ilienda muzuri mupaka siku ya Mama Mapasa.

Alikuwa anakaa ngambo ya njia. Alizaa mapasa, batoto babili mara moja, na kwetu mama ya mapasa haitwe tena jina yake ya zamani. Anaweza kusema kintu yote, hata ya haya, mbele ya bantu bote, hakuna mwenye anakasirika. Na bintu yake yote ilikuwa mbili mbili. Yeye na nkambo balitoka upande ya Mitwaba, na mu ile njia yetu beye babili tu njo balikuwa banajua luga ya kwabo. Kila asubui pa robine, bomba ya maji ya bote, balikuwa banazungumuza mupaka ndoo zinajaa na kupita, maji inamwangika, bengine bananungunika nyuma. Nkambo hakukuwa na ndugu mwanamuke mu Lubumbashi. Alikuwa na huyu.

Basi, Mama Mapasa akaingia na avoka mbili, za muti yake mwenyewe, za kuiva, zinangaa. Lupango ilikuwa imejaa bantu. Nkambo akanyoosha mikono.

"Leta, dada, nitamupa."

"Miye sina mikono? Angalia, iko mbili. Nataka nimukulishe miye mwenyewe, nione namna anatafuna."

Akapita, mupaka pa kichwa ya farasi. Farasi tayari alikuwa ananyoosha midomo. Nkambo akamukamata mukono.

"Hapana, Mama Mapasa. Ile hapana."

"Jana karote ya mama ya kona, alikula mbele ya macho yangu. Avoka yangu iko na nini?"

"Iko mubaya."

Alitaka kusema mubaya kwa farasi. Lakini neno ilishatoka, na bantu bote baliisikia. Kukatalia muntu chakula mbele ya macho ya bengine, ni kusema eko na sumu, ni muloji. Mama Mapasa akafunga avoka zake mu kitambaa.

"Aksanti. Leo umenifasiria kwa bantu."

Tangu ile siku hakuna tena kusalimiana jambo. Pa robine alikuwa anapanga ndoo yake mbali, anatazama mawingu. Nkambo akaanza kuweka chumvi mara mbili mu mboga. Nilimusikia anazungumuza Kiluba, luga ya kwabo, na farasi, polepole, farasi anatikisa masikio. Muzee akasema: "Nitaenda kumueleza, farasi ni kazi yangu." Nkambo akamujibu: "Weye unajua tumbo ya farasi. Ya mwanamuke, uache."

Dimanshi, kisha misa, akakamata sahani mutupu, akavuka njia. Nilimufuata. Kwa Mama Mapasa bamama balikuwa banasukana nywele. Nkambo hakukaa. Akanyoosha sahani.

"Niko na njaa. Nipe avoka."

"Duka iko kule."

"Nataka ya muti yako."

Mama Mapasa akamutazama sana. Akaingia, akatoka na mbili, akazitupa mu sahani, hakuleta hata kisu. Nkambo akapasua na vidole, akakula ya kwanza yote, amesimama, mafuta inamwangika mupaka pa kiwiko. Bamama baliacha kusukana. Akakula ya pili. Akalamba kokwa.

"Kumbe ungali muzima," Mama Mapasa akasema.

"Ongeza, tuone."

"Mwizi weye! Utanimalizia muti!" Na kicheko ikamushinda. Nkambo naye akacheka, machozi na avoka vyote pamoja, na pale njo alimueleza: tumbo ya farasi njo haitake, haiko mukono yako. Mama Mapasa akajibu neno moja ya mama ya mapasa juu ya tumbo na bintu ingine ya chini yake, sitaisema hapa. Akaenda kukata muwa, akautosha ganda, vipande mbili, akavuka njia. Farasi alivikamata na midomo pa mukono yake, yeye akapiga kelele: "Eko sawa mutoto anatafuta maziwa!"

Tangu pale yeye njo alikuwa anasimama pa mulango kuchagua. "Ile shu, rudisha! Weye, bukari ya jana unapelekea bwana yako!" Bantu balikuwa banacheka na banarudisha, juu nani atakasirikia mama ya mapasa? Nkambo alikuwa anakaa pa kitanga, mukeka yake, anatosha maganda ya muwa, anapumuzika.

Farasi alikufa ya uzee, mu mvua, hakuna chakula ilimuua. Mwezi yenye ilifuata niliona bale bamama babili banakaa pale pale pa mulango, saa ile ile, bila kintu ya kuchagua. Leo bote beko mu kaburi. Mashamba iko nyumba, na kila nyumba iko na ukuta, na juu ya ukuta chupa za kuvunjika.

Siku mingi haiyapita, kuliingia bajirani bapya mbele ya kwetu. Nikakamata ndizi, nikapiga pa mulango ya chuma. Kadirisha kadogo kakafunguka, nikaona jicho moja.

"Muzee, hatukukomande kintu, hatukuagiza," ikaniambia, na kadirisha kakafungika.