Grisi Kwenye Rubisi ya Mackrine

Mimi Yustasi wa Chonyonyo, askari mstaafu, mguu mmoja wa nyama na mwingine wa bandia, naona aibu. Siyo aibu ya mguu. Huo ulikwenda na bomu la kutegwa ardhini tukiwa doria nchi ya watu, na sikuuomba uondoke. Aibu yangu ni ya rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Sendofu ya binti yetu Mackrine, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilipokaribia, tukaivisha ndizi shimoni. Kwetu baba wa binti ndiye anayetangulia kuingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, azikanyage ndizi kwa miguu yake, wengine wafuate. Shemeji yangu Tukahirwa akaniambia, "Afande, wewe kaa tu, nitakanyaga mimi." Kaa tu! Miaka tisa naambiwa kaa tu, kama mgonjwa wa kulishwa uji. Nilikasirika.

Asubuhi yake, kabla hajafika, nikauosha ule mguu kwa sabuni mara mbili, nikaingia peke yangu. Jamani, nilikanyaga! Naimba kabisa. Halafu nikateleza, goti la chuma likazama kwenye maji ya ndizi. Goti lenyewe nililipaka grisi jana yake. Nikaona mafuta meusi yanaelea. Mwanaume mwenye akili angemwaga. Mimi nikayaengua kwa nyasi za kukamulia, nikazitupa nyuma ya migomba, nikaendelea. Tukahirwa alipofika akanipigia saluti. "Afande, umemaliza kazi!" Nikaipokea bila haya.

Siku ya sendofu, mshenga wa upande wa bwana harusi, mzee wa Nyakatuntu, akaonja kibuyu cha kwanza mbele ya watu wote. Akatema. "Enyi wenyeji, hii rubisi mbona inanuka gereji?" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mackrine akainamisha uso. Nilijua ndiyo sasa, nisimame niseme. Risasi nimezikabili, lakini macho ya wakwe yalinishinda.

Akasimama mke wangu, Komujuni. "Mnisamehe, wakwe zangu. Mtama wa kuchachushia niliupeleka mashineni, nadhani uliingia grisi huko. Kosa ni langu."

Uongo mtupu. Mtama wa rubisi mwanamke wa kwetu anausaga kwenye jiwe, na Komujuni alisaga siku mbili mpaka viganja vikachubuka. Kusema aliupeleka mashineni ni kujitangaza mvivu, tena kwenye sherehe ya mwanawe. Wanawake wakatazamana. "Loo! Hata kwa Mackrine?" mmoja akasema, wala hakunong'ona.

Wageni walipoondoka nikamuuliza, "Mama Mackrine, ulijuaje?"

"Nilikuta nyasi zenye grisi migombani."

"Mbona hukunisema?"

"Nilikusubiri wewe useme, ukachelewa."

Kabla ya hapo hakuna harusi Chonyonyo iliyofanyika bila mtama uliosagwa na Komujuni. Wiki iliyopita majirani walipita mbele ya nyumba yetu na kikapu cha mtama wa harusi, wanaupeleka kwa mwanamke mwingine, Felicitas, akawasagie. Wakatusalimia vizuri. Komujuni akaitikia, akaendelea kumenya ndizi. Nilikuwa nimekaa pale pale, ningeweza kuwaita niwaambie ukweli. Nikawauliza habari za mvua.